Nusu ya Iliyobaki

Oulu, Januari. Jua huchomoza saa nne
na kufika saa tisa limeshachoka.
Mimi naendesha gari la kusukuma theluji.
Miaka kumi na tisa nimekunywa kahawa
kama wanywavyo wote huku, kikombe kikifuata kikombe,
na saa tatu usiku nikilala kama gogo.

Usiku aliozaliwa Venla, wiki ya ishirini na nane,
gramu elfu moja na hamsini,
niliitupa pakiti ya sigara kwenye ndoo ya wodini.
Sikuapa wala sikulia.
Tangu hapo kahawa ileile imenigeuka:
naimaliza saa nane mchana,
saa saba za usiku nahesabu mbao za dari.

"Ni moshi," alisema daktari Hietala.
"Moshi ulikuwa ukilichapa ini lako likimbie.
Sasa linatembea, kama maini ya watu."

Nikamkumbuka Saimi na mimba yake:
nusu kikombe cha asubuhi,
na usiku wa manane yuko sakafuni
anazipanga soksi kwa rangi, moja moja,
hana usingizi, hana hasira, ana soksi tu.

Halafu akaja muuguzi na bomba lisilo na sindano,
ndani yake tone jeupe kama maji.
"Nini hicho?"
"Kafeini."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwanangu husahau kupumua.
Hupumua, hupumua, kisha hunyamaza
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno,
mashine inalia,
na Marjukka anamgusa unyayo kwa kidole kimoja:
endelea, mama, ulikuwa unasema.

Nilieleza Saimi nilivyoelewa.
Usingizi una mjumbe wake damuni,
hubisha mlango hadi mlango, akikuta kiti hukaa,
na mwili hulegea.
Kafeini hukiwahi kiti.
Mjumbe husimama nje na ujumbe wake mkononi.

Ndani yangu saa tano zinatosha kuitoa nusu.
Tano nyingine, nusu ya iliyobaki.
Ini humega, figo humwaga,
na hakuna saa utakayosema: sasa imetoka yote.
Hukonda tu, mpaka huisikii.
Wahenga walijua haba na haba inavyojaza kibaba;
hawakutuambia kibaba huchukua muda gani kumwagika.

Ndani ya Venla nusu huchukua siku nne.
Siku nne!
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
lakini ini la njiti halijafua jembe lolote.
Basi mgeni anakaa, anakaa,
na kwa kukaa kwake mwenyeji anapona.

Jumatatu ya wiki ya thelathini na nne waliacha kumpa.
"Sasa tunasubiri itoke," alisema Hietala,
"siku saba bila mashine kulia, mnakwenda nyumbani."
Ijumaa, nusu.
Jumamosi alfajiri, mashine ikalia.
Saimi alivua koti alilokuwa amelivaa bila sababu.
Tukaanza tena, moja.

Niliendesha gari langu barabara zilezile,
nikisukuma theluji pembeni,
na nyuma yangu ikianguka nyingine.
Mbili. Tatu. Sikuuliza.
Nne, ikabaki robo, kwa hesabu yangu ya penseli
nyuma ya risiti ya mafuta.

Siku ya saba tulimbeba nje, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
pua tu ikionekana.
Ndani yake imebaki nusu ya nusu ya nusu, labda pungufu.
Hiyo haimshikilii tena mtu.
Anapumua kwa akili yake.

Usiku ule saa nne nilichemsha kahawa,
vikombe viwili, nikavinywa vyote mwenyewe, makusudi.
Saimi alilala na viatu.
Nilikaa kando ya kitanda kidogo, macho makavu,
nikisikiliza.
Saa tisa usiku, nusu yangu imetoka.
Yake sijui.
Akavuta. Akaachia.
Akanyamaza kidogo, nikanyoosha kidole,
akavuta.